Kisu cha kuchimbia ngazi ndani ya tundu la chuma kwenye leti

Puli ya pampu au kiunganishi cha shafti ya mashua mara nyingi hukazwa kwa bolti ya aleni ambayo kichwa chake huzama ndani ya chuma. Kwa kichwa hicho, mdomo wa tundu hupanuliwa hadi kina fulani, na upanuzi huo, unaoitwa ngazi, lazima uwe na sakafu bapa kabisa. Mafundi wengi huchagua kisu kwa kuangalia kipenyo peke yake. Kazi hii huharibika sakafuni, kwa hiyo chagua kisu kwa kuangalia sakafu kwanza.

Tuchukue bolti ya M12. Kichwa chake kina kipenyo cha 18 mm na kimo cha 12 mm. Tundu la kupitisha bolti ni 13.5 mm, ngazi ni 20 mm, na kina cha 13 mm kinatosha kukizamisha kichwa. Ukipanua kwa biti ya kawaida ya 20 mm yenye ncha ya nyuzi 118, kati ya ukuta na tundu dogo itabaki koni yenye kina cha karibu 2 mm. Kichwa cha bolti kitakaa kwenye ukingo mwembamba tu, na injini ya dizeli ikitetemeka siku chache bolti inalegea.

Kwenye leti, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata, kisu ninachokipa nafasi ya kwanza ni fimbo ya boringi, yaani fimbo yenye makali nchani ya kupanulia tundu kwa ndani, kwa sababu tundu hufuata mhimili wa leti yenyewe. Lakini si kila fimbo hufaa. Ukinunua visu vya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) vilivyochomelewa, aina ya ISO 8 ina makali yenye pembe ya nyuzi 75 na mhimili wa tundu, na ni ya matundu yanayotoboka upande wa pili. Ukiitumia hapa itaacha kona yenye mteremko. Unayoitaka ni ISO 9, yenye nyuzi 95, inayoweza kukata ukuta kisha sakafu. Kwa fimbo za tipu za kubadilisha (vipande vidogo vya makali vinavyofungwa kwa skrubu), tafuta fimbo yenye alama ya SCLCR na tipu ya CCMT 060204. Tipu hiyo ina pembe ya nyuzi 80, na ikishikwa kwa nyuzi 95 hubaki na nafasi ya nyuzi 5 upande wa sakafu. Tarakimu 04 za mwisho maana yake ncha imeviringwa kwa 0.4 mm, na mviringo huohuo ndio utakaobaki kwenye kona. Kwa bolti hauna madhara. Kwa beringi ya 6204, inayokaa kwenye tundu la 47 mm, mviringo wa kona usifike 1 mm, la sivyo beringi haitalala sakafuni.

Sasa pima upana wa fimbo, kutoka ncha ya tipu hadi mgongo wake. Kama unaanza na tundu la 13.5 mm na kupanua tabaka kwa tabaka, upana huo lazima uingie humo na makapi yapate pa kupita. Fimbo ya 10 mm iliyoandikwa kipenyo cha chini cha 13 mm inaingia, ile ya 12 mm inayodai 16 mm haiingii. Tundu lisilo na kitundu katikati ni gumu zaidi. Ncha ikifika katikati ya sakafu, mgongo wa fimbo huwa umeshasogea kuelekea ukuta wa pili, kwa hiyo upana lazima uwe chini ya nusu ya kipenyo cha ngazi. Kwa ngazi ya 20 mm hiyo ni chini ya 10 mm, na hapo ni bora kunoa mwenyewe kijiti cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu).

Karakana ya kisiwani Lamu isikose haispidi. Tipu ikivunjika, nyingine itavuka kutoka Mokowe, gati la bara, lakini kijiti hunolewa palepale. Kipe nafasi ya mbele ya nyuzi 10, uondoe kisigino cha chini kwa nyuzi 25 hadi 30 kisisugue ukuta, na uviringe ncha kidogo kwa jiwe la mafuta.

Kwa bolti ndogo kama M6, yenye tundu la 6.6 mm na ngazi ya 11 mm, fimbo imara haiingii. Tumia endimili (kisu cha mviringo chenye makali chini na ubavuni) ya 11 mm kwenye telistoki, yaani kichwa cha nyuma cha leti, polepole, ukiwa umehakikisha telistoki imelingana na mhimili; ikipotoka, tundu litatoka kubwa kuliko endimili.

Mwendo, yaani mizunguko kwa dakika, hupatikana kwa 318 × V ÷ kipenyo cha mm, V ikiwa kasi ya kukata. Haispidi kwenye chuma cha kawaida, V ni mita 25 kwa dakika: kwa 20 mm ni kama mizunguko 400. Kabaidi kwa mita 100 ni karibu 1,590, ila leti kuukuu yenye beringi zilizolegea haitaivumilia. Chuma cha stenlesi hugumuka kisu kikisugua bila kukata, hivyo usikiruhusu kizubae mahali pamoja.

Funga fimbo itokeze kiasi kinachohitajika tu; 20 mm inatosha kwa kina cha 13. Fimbo ya chuma ikitokeza zaidi ya mara nne ya kipenyo chake hutetemeka na kulia. Ikilia, ifupishe kwanza, kisha punguza mizunguko. Iweke usawa wa katikati au juu kidogo, maana nguvu ya kukata huikandamiza chini. Kwa mikato ya mwanzo, weka kizuizi cha kibebea kisu (sehemu ya leti inayosogeza kisu) kwenye 12.9 mm, bakisha 0.2 mm kwenye kipenyo, na usimamishe leti kuondoa makapi kwa brashi. Yakijaa sakafuni huvunja tipu. Pasi (mkato) ya mwisho iende ukutani hadi 13 mm, isimame, kisha ivutwe sakafuni kuelekea katikati bila kurudi nyuma.

Paka rangi ya kukagulia chini ya kichwa cha bolti, ukizungushe sakafuni. Rangi ikigusa ukingo wa nje tu, sakafu inazama kuelekea katikati. Ikigusa kandokando ya tundu tu, fimbo ilisukumwa nyuma mwishoni mwa pasi: rudia kwa 0.05 mm, na kisu kilichonolewa upya.