Jinsi ya Kuchagua Magazini ya Bunduki ya Easofti Isiyokwama: Mwongozo kwa Wachezaji wa Unguja na Pemba

Bunduki ya easofti, yaani bunduki ya mchezo inayorusha gololi ndogo za plastiki, ikiacha kutoa gololi katikati ya mchezo, mchezaji huanza kuilaumu betri, kisha mota, kisha fundi aliyeifungua mara ya mwisho, ilhali mara nyingi kilichokosea ni magazini, kile kibebeo cha gololi kinachochomekwa kwenye bunduki. Katika bunduki za umeme kazi ya magazini ni moja tu: kuzisukuma gololi za plastiki za milimita 6 hadi kwenye mdomo wa chemba, pale gololi inapokaa kabla ya kurushwa, moja baada ya nyingine, kwa nguvu ya springi yake yenyewe. Bunduki ya kawaida ya umeme hutoa gololi zipatazo 15 kwa sekunde, na ikiwa springi ni dhaifu, au mdomo umekaa chini kwa nusu milimita, pistoni itapiga hewa tupu. Kwetu visiwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma chembamba upesi, na kumrudishia muuzaji wa ng'ambo kitu kibovu kunaweza kugharimu kuliko kitu chenyewe. Kwa hiyo uchaguzi ufanyike kabla ya fedha kutoka.

Kabla ya hatua yoyote, suala la sheria litangulie. Bunduki ya easofti inafanana na bunduki halisi kiasi kwamba mtu wa mbali hawezi kuzitofautisha. Usiagize bunduki wala magazini mpaka uwe umeuliza Polisi na Forodha na kupata jibu la maandishi. Mkipata ruhusa ya kucheza katika shamba la mtu, mjulisheni pia sheha wa shehia hiyo, na vifaa vyote visafiri ndani ya mkoba uliofungwa. Magazini inayoning'inia kiunoni kwenye daladala itawaletea taabu wote, hata wasiocheza.

Hatua ya 1: Ijue bunduki yako kwa jina na kwa vipimo

Jina la umbo halitoshi. Mtu husema ana M4, akanunua magazini ya M4, kisha akashangaa kwamba inalegea au haiingii. Bunduki nyingi za umeme za umbo la M4 na AK hufuata vipimo vya Tokyo Marui, kampuni ya Japani iliyoanza kuuza bunduki za umeme mwaka 1991, na magazini nyingi sokoni zimetengenezwa kuvifuata. Hata hivyo, M4 za Tokyo Marui zenye mfumo wa mtikisiko, unaoiga mrudisho wa bunduki halisi, zina magazini zake. Kwa upande wa bunduki za gesi hali ni ngumu zaidi: magazini za M4 za kampuni za WE na GHK, na za M4 ya gesi ya Tokyo Marui iitwayo MWS, hazibadilishani, ingawa kwa nje zinafanana.

Mwombe muuzaji picha tatu zilizopigwa pamoja na rula: mdomo kwa juu, tundu ambalo ulimi wa bunduki hushikia, na mgongo wa magazini. Zilinganishe na magazini iliyokuja na bunduki yako. Kipimo kinachofaa kuangaliwa kuliko vyote ni umbali kutoka ukingo wa juu wa tundu hadi kwenye mdomo, kwa sababu huo ndio unaoamua kama gololi zitafika kwenye chemba au zitaishia njiani. Muuzaji anayekataa kupiga picha hizo amekwisha kukupa jibu.

Hatua ya 2: Usidanganywe na ujazo

Magazini za bunduki za umeme zimegawanyika, kwa ujumla, katika makundi matatu. Zipo za ujazo mdogo, zinazobeba gololi 30 hadi 70 hivi. Za ujazo wa kati, ambazo nyingi hubeba kati ya 70 na 150. Na za ujazo mkubwa, zinazobeba 300 na zaidi. Za ujazo mkubwa hazisukumi gololi zote kwa springi ndefu. Gololi hukaa huru ndani ya tumbo la magazini, na chini kuna gurudumu dogo ambalo huna budi kulitia ufunguo kama saa ya mezani ya zamani ili lizipandishe.

Mnunuzi mgeni huvutiwa na hizi za mwisho, kwa kuwa magazini moja inaonekana kumtosha siku nzima. Mimi simshauri mtu yeyote anayecheza karibu na pwani azitegemee. Gurudumu na meno yake ni vipande vidogo vinavyonasa mchanga, gololi hugongana kila unapotembea na kukutangaza kwa adui, na ukisahau kutia ufunguo bunduki huacha kutoa gololi wakati unaihitaji. Ya ujazo wa kati ina springi moja, njia moja na kisukumio kimoja, kile kipande kinachokaa juu ya springi na kuzisukuma gololi. Inapoharibika unajua pa kutazama, na kuifungua ni kazi ya bisibisi moja. Nne au tano za namna hiyo, zote za aina moja, zinamtosha mchezaji wa kawaida.

Hatua ya 3: Kagua mdomo, springi na mwili

Anza na mdomo. Kile kizuizi kidogo kinachozuia gololi zisitoke kinapaswa kurudi mahali pake mara moja ukikibonyeza kwa ncha ya kalamu. Kikirudi polepole, gololi zitamwagika. Kikiwa kigumu mno, zitakwama. Tazama pia ikiwa mdomo unacheza ukiutikisa kwa kidole. Kuyumba kidogo kwa kwenda mbele na nyuma kunavumilika, ila kushuka chini hakuvumiliki.

Kisha sukuma kisukumio kwa kijiti laini hadi mwisho na ukiachie taratibu. Kinapaswa kupanda kwa mwendo mmoja bila kusitasita. Kikikwama mahali pamoja kila mara, sababu mara nyingi ni mshono wa plastiki ulioachwa na kalibu pale nusu mbili za njia zinapokutana. Hilo linarekebishika kwa msasa laini sana, lakini vaa miwani ya kinga kabla ya kufungua, kwa sababu springi hiyo hutoka kwa kishindo na jicho halina spea.

Kuhusu mwili, chuma au plastiki? Wenye kupenda uzito husifu chuma, nami sibishani nao wakiwa wanachezea ndani ya jengo. Kwenye ardhi ya maweni, ambako magazini ikianguka hukutana na jiwe la matumbawe lenye makali, ganda la bati jembamba hubonyea, na likibonyea kuelekea ndani huibana njia ya gololi bila wewe kuona chochote kwa nje. Plastiki nene nzuri hudunda, au ikipasuka inaonekana imepasuka. Isitoshe haishiki kutu. Springi ndani yake hushika, na tutarudi huko.

Hatua ya 4: Jaribu moja kabla ya kununua nyingine

Ukiweza, azima kwa mwenzako mwenye bunduki ya aina yako; usipoweza, agiza moja. Jaribio lenyewe halihitaji uwanja. Chomoa betri, ingiza magazini tupu, uivute chini na kuisukuma pembeni. Ulimi ushike kwa sauti moja iliyo wazi. Kisha ijaze kwa kijazio, lakini usiishindilie: ikiwa ujazo ulioandikwa ni 120, ishia kwenye 110, kwa sababu gololi zikibanana hadi mwisho springi hukosa nafasi ya kupumua na ya kwanza hukataa kutoka.

Iache imejaa usiku kucha. Asubuhi, ukiwa umevaa miwani, piga zote kwenye boksi lililojazwa nguo kuukuu, kwanza moja moja, kisha kwa mfululizo. Sikiliza. Mpigo mtupu una sauti kavu na nyepesi inayotofautika na wa gololi. Magazini inayotoa mipigo mitupu mwanzoni imejazwa kupita kiasi au kizuizi chake ni kigumu. Inayoitoa katikati ina mkwaruzo ndani ya njia. Inayoitoa mwishoni ina springi fupi au dhaifu. Gololi mbili tatu zinazodondoka unapochomoa magazini si ubovu, kwani ndizo zilizokuwa kati ya mdomo na chemba. Kumbuka vilevile kwamba moja huweza kubaki ndani ya chemba: elekeza mtutu pasipo na mtu, piga, ndipo uiweke bunduki chini.

Ikifaulu, agiza zilizobaki za jina na toleo lilelile, na usichanganye.

Hatua ya 5: Gololi zisisingiziwe, wala zisisamehewe

Gololi nzuri huwa na kipenyo cha milimita 5.95 hivi, na mitutu mingi ya kiwandani huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 6.08. Pima kumi kwa kalipa. Zenye mshono unaohisika kwa ukucha zitupwe. Zile zinazooza ardhini, zilizotengenezwa kwa PLA, plastiki itokanayo na mimea, ni jambo jema kwa shamba la watu, lakini hunyonya unyevu na kuvimba. Msimu wa masika, mfuko ulioachwa wazi waweza kuiziba magazini ambayo haina kosa lolote. Zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Hatua ya 6: Ikiwa ni ya gesi

Hapa magazini ni tangi pia, na joto letu ndilo swali kuu. Gesi ya kijani, ile inayotumiwa zaidi na wachezaji, kimsingi ni propani. Katika nyuzi 20 za Selsiasi shinikizo lake hukaribia bar 8, na katika nyuzi 30 hukaribia bar 11. Wachezaji wa nchi baridi hulalamika kwamba gesi haina nguvu. Sisi tatizo letu ni kinyume, kwamba shinikizo likizidi nyundo hushindwa kuifungua valvu na bunduki hugoma. Kwa bastola iliyoundwa kwa gesi ya 134a, tumia hiyohiyo: katika nyuzi 30 shinikizo lake halifiki bar 8. Vitungi vya CO2 vya gramu 12 nisingevichagua kwa hapa, kwa kuwa kwenye nyuzi 31 shinikizo lake huwa limepita bar 70, na magazini iliyoachwa juani ndani ya gari hupita nyuzi hizo mapema asubuhi.

Magazini mpya ya gesi itie gesi kidogo, izamishe kwenye beseni la maji baridi, na utazame mapovu kwenye valvu na chini kwenye oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia. Povu moja moja linaweza kumalizwa na tone la mafuta ya silikoni. Mfululizo wa mapovu unamaanisha oringi mpya. Mafuta ya cherehani yasikaribie mpira huo, wala ya nazi.

Hatua ya 7: Utunzaji unaoendana na bahari

Baada ya mchezo toa gololi zote, ili springi ikae imelegea. Futa nje kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kausha kivulini, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya silikoni kwenye springi. Kidogo kweli, kwa sababu yakizidi hupanda na gololi hadi kwenye mpira wa hopapu, ambao kazi yake ni kuizungusha gololi kwa kuikamata, na mpira ulioteleza hupeleka gololi kila upande. Magazini za gesi, tofauti na nyingine, zibaki na gesi kidogo ndani ili mipira yake ikae imebanwa.

Bandika utepe wenye namba kwenye kila magazini, na kila inapokwama andika namba hiyo pamoja na wakati wa kukwama: mwanzo, katikati au mwisho. Namba moja ikijirudia, fungua hiyo tu. Zikikwama zote kwa pamoja, ziache magazini, ukaitazame nozeli, ule mrija unaoisukuma gololi ndani, na chemba ya bunduki yenyewe. Na ile iliyokufa kabisa usiitupe nzima, kwani kizuizi cha mdomo na kisukumio chake huingia kwenye za jina hilohilo, na vipande hivyo ni vigumu kuvipata dukani.