Somo: Kuzuia wizi wa CD na DVD maktabani

Kitabu kikiibwa, pengo huonekana rafuni. CD ikiibwa, kasha hubaki palepale, na mkutubi hajui lolote mpaka msomaji mwingine alifungue akute ni tupu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria mashine za mlangoni, tenganisha diski na kasha lake.

Hatua ya 1. Makasha matupu, pamoja na majalada yake, yabaki rafuni watu wachague. Kila diski itie kwenye bahasha, ipe namba ileile ya kasha, kisha ipange kwenye droo yenye kufuli nyuma ya kaunta. Msomaji akileta kasha, unamtolea diski. Kazi inaongezeka, hasa saa za msongamano, lakini kinga hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Hatua ya 2. Weka alama ya maktaba. Hapa ndipo diski nyingi huharibiwa na sisi wenyewe. Andika kwa maka peni ya wino wa maji kwenye duara la plastiki inayopitisha mwanga linalozunguka tundu la katikati, kwani hapo hapana data. Watu huogopa kugusa upande unaong'aa, kumbe kwenye CD upande wa lebo ndio dhaifu: data iko chini yake tu, imefunikwa na vanishi nyembamba. Ukikandamiza kalamu ya ncha kali hapo, umeiua. DVD ina nafuu, maana data imekaa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6. Stika ya pembeni usibandike kabisa; diski ikizunguka na uzito upande mmoja hutikisika na kugoma kusomeka.

Hatua ya 3. Diski ikirudi, ifungue mwazimaji akiwapo na usome namba. Wapo wanaobaki na halisi na kurudisha nakala. CD ya kiwandani huwa na rangi ya fedha chini. Ya kurekodia mara nyingi ina ukijani au ubuluu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, tuna geti la RFID, lile linalotambua chipu kwa mawimbi ya redio. Nikibandika chipu za vitabu kwenye DVD si inatosha?

Jibu: Haitoshi, mkuu. Tabaka la metali ndani ya diski huvuruga mawimbi. Zipo chipu za duara za kubandika katikati, zinasomeka vizuri kwa karibu pale kaunta, ila getini zinaweza kupita kimya. Na chipu ikiwa kwenye kasha tu, mwizi atachomoa diski aondoke.

Swali: Mashine yetu ya sumaku ya kuzima tepe za ulinzi zilizomo vitabuni itafuta CD?

Jibu: Haifuti, CD husomwa kwa leza. Ila kaseti zenu za mahojiano ya wazee ziwekeni mbali nayo! Sauti ya kaseti imehifadhiwa kwa sumaku, ikifutika hairudi.

Swali: Sisi ni shule, tuna kabati moja na DVD chache za sayansi. Tufanyeje?

Jibu: Kabati linatosha, mwalimu. Ufunguo akae nao mtu mmoja, anayechukua asaini daftarini kwa namba ya diski, na mzihesabu kila Ijumaa kabla ya kufunga.