Kubadilisha klachi nyumbani Uingereza, bila shimo wala vijana wa gereji

Kule kwetu klachi ikiisha, gari linasukumwa hadi gereji chini ya mwarobaini, fundi anaingia shimoni, na giaboksi ikifika wakati wa kushuka vijana wawili watatu wanaipokea kwa mikono. Huku Uingereza vijana hao hawapo. Bolti ni zilezile na kazi ni ileile, ila kila mkono ambao ungeupata gerejini lazima utafutiwe kifaa cha kushika nafasi yake. Anayeshindwa kazi hii nyumbani mara nyingi hashindwi na ufundi. Anashindwa kwa sababu yuko chini ya gari peke yake, giaboksi ya kilo 30 au 40 iko juu ya kifua chake, na hana pa kuiegemeza.

Nazungumzia gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, aina ya Corsa, Fiesta au Yaris, maana wengi wetu huanzia hapo. Tuliozoea Toyota za otomatiki kutoka Japani tunakuta huku magari mengi ya bei nafuu ni ya gia za mkono, na mguu usiozoea hupenda kupumzika juu ya pedeli. Klachi hailipendi hilo hata kidogo. Gereji nyingi zitakuambia paundi 500 na kuendelea, ilhali seti yenyewe ya klachi ya gari dogo mara nyingi haifiki 200. Kinacholipiwa ni saa za kufungua na kufunga.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni klachi kweli. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne au ya tano, injini ikapanda mlio lakini gari lisiongeze mwendo, pleti ya klachi, ile sahani inayoshikana na injini, imelika. Unaweza pia kuvuta handibreki, ukaweka gia ya tatu, ukaachia klachi taratibu: injini inapaswa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma, jibu umelipata, na usirudie jaribio hilo maana linaunguza. Lakini pedeli ikizama chini na kubaki huko, au gia zikigoma kuingia, fungua boneti kwanza utazame mafuta ya breki. Kwenye magari mengi klachi na breki hutumia chombo kimoja cha mafuta. Huenda ni silinda ya klachi, ile inayosukumwa na mafuta hayo ili kuachia klachi, inayovuja, na ile ya nje ya giaboksi hubadilishwa bila kushusha chochote. Usijifariji kwamba gari limepita MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa magari huku, juzi. Ukaguzi ule hauhusu hali ya klachi wala giaboksi.

Halafu kuna suala la mahali. Ukiwa mpangaji, ongea na mwenye nyumba kabla hujamwaga tone la oili kwenye sakafu yake. Kama huna uwanja na gari liko barabarani, ujue kuwa England na Wales zina sheria ya mwaka 2005 inayozuia kutengeneza magari barabarani kwa biashara, au kwa namna inayowakera majirani. Gari lililoharibika limepewa nafasi ya kutengenezwa ndani ya saa 72. Kwa hiyo la kwako unaweza kulimaliza wikiendi moja, ila la rafiki yako kwa malipo usiliguse hapo. Sehemu iwe tambarare na ngumu. Uwanja wenye mteremko, hata mdogo, mimi siukubali.

Vifaa ndivyo vitakavyokuokoa. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake, na hili halina mjadala hata kama ni kwa dakika mbili. Kodi jeki ya giaboksi kwenye duka la kukodisha vifaa. Kodi pia mtaimbo wa kuning'iniza injini, ule unaokaa juu ya kingo mbili za chumba cha injini, kwa sababu ukifungua mauntingi (vishikizo) ya giaboksi injini inabaki bila cha kuishika upande huo. Inua gari juu kiasi cha kutosha kuitoa giaboksi chini ya bampa ikiwa juu ya jeki yake. Wengi hupima hili wakati giaboksi imeshashuka, wakajikuta wameifungia chini ya gari. Na tafuta mtu wa pili. Hata asiyejua spana namba 13 atakushikia taa na kukuambia giaboksi imeegemea wapi.

Kufungua kwenyewe hakuna siri kubwa. Legeza nati za habu, zile za katikati ya gurudumu, gari likiwa bado chini, kisha toa waya hasi wa betri. Kabla ya kumwaga oili ya giaboksi, hakikisha kizibo cha kujazia kinafunguka. Ukimwaga kwanza halafu kile cha juu kikagoma, gari limekwama hapo ulipo. Toa shafti za magurudumu, stata na nyaya za gia. Bolti za giaboksi zina urefu tofauti, kwa hiyo chora umbo lake kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Ukitoa ya mwisho, giaboksi isining'inie kwenye shafti yake inayoingia ndani ya klachi hata kidogo. Ivute nyuma ikiwa sawa, jeki ikiwa imebeba uzito wote.

Vumbi utakaloliona ndani usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Kwenye magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto, na hata la gari jipya si la kuvuta. Nyunyiza dawa ya kusafishia breki, ufute kwa kitambaa.

Sasa uko mahali ambapo haraka hugharimu. Tazama uso wa flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake: madoa ya buluu na nyufa ni alama za kuungua. Ikiwa ni flaiwili ya vipande viwili, kama zilizo kwenye dizeli nyingi, itikise uone kama imelegea kupita kipimo cha mtengenezaji. Ukiona oili imelowesha sehemu ile, badilisha sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili kuvuja, leo hii. Sili ni ya pesa kidogo, na kuifikia tena ni kurudia kazi yote. Beringi ya kuachia klachi ibadilishwe pamoja na pleti hata kama ya zamani bado inazunguka vizuri. Fiesta na Corsa nyingi zina silinda ya klachi ndani ya giaboksi. Hiyo nayo weka mpya.

Pleti ina upande wake. Seti za kampuni za Kijerumani mara nyingi zimeandikwa "Getriebeseite", yaani upande wa giaboksi. Ukiigeuza, klachi haitafanya kazi na utashusha kila kitu upya. Iweke katikati kwa kifaa cha plastiki cha kulenganisha, kisha kaza bolti za presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, kwa kukatiza, moja kisha inayoikabili, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha kitabu cha gari lako. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando mwembamba tu, maana ikizidi hurushwa hadi kwenye pleti mpya.

Kurudisha giaboksi ndiko kulikonichosha mimi. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja, ikakataa kabisa, na nikaanza kukaza bolti ili ziivute. Mwenzangu wa Mombasa aliyekuwa ameshika taa akanizuia, na alikuwa sahihi: ukiivuta kwa bolti, ganda la giaboksi hupasuka. Giaboksi lazima ikae kwa mkono. Ikigoma, ingiza gia, zungusha injini polepole kwa spana kwenye bolti ya krenki (shafti kuu ya injini) huku mwenzako akiisukuma giaboksi, meno yatapatana. Yetu ilipokaa ililia "tak", na bolti zote zikaingia kwa vidole.

Jaza oili aina ile hasa iliyoandikwa kwenye kitabu, kwani oili ya daraja la GL-5 si mbadala wa ile ya GL-4 kwenye kila giaboksi. Toa upepo kwenye mfumo wa klachi mpaka pedeli iwe ngumu, na mafuta ya breki yakigusa rangi ya gari yaoshe mara moja kwa maji. Oili chafu ipeleke kwenye kituo cha taka cha halmashauri; kuimwaga kwenye mfereji ni kosa.

Kilomita 500 za mwanzo endesha kwa upole, usivute tela wala kuanzia mlimani kwa nguvu. Siku ya tatu lala chini ya gari na tochi, upapase pale giaboksi inapokutana na injini na pale shafti zinapoingia. Pakiwa pakavu, rudisha vifaa ulivyokodi.