Tanga, Pangani hadi Lushoto kwa gari: ya kuweka sawa kabla hamjaondoka

Kwenye ramani safari hii ni fupi: Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Pangani, kisha mnapanda Usambara hadi Lushoto. Ndiyo maana wengi hupanga kwa kilomita na kuishia kukimbizana na giza. Nyinyi wawili, mke na mume, pangeni kwa saa. Pwani maji ndiyo yanayoamua ratiba, na mlimani anayeamua ni jua.

Gari lipelekwe gereji wiki moja kabla, si jioni ya kuamkia safari, maana fundi akibadilisha kifaa mnahitaji siku kadhaa za kukijaribu mjini. Mwambieni tu mnakwenda Lushoto. Ataanza na breki bila kuulizwa, kisha rejeta. Tairi la akiba lijazwe upepo, na mhakikishe jeki na spana vimo. Leseni, bima, reflekta za pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, si chini ya mabegi.

Tokeni Dar alfajiri. Badala ya kukabana na malori ya Kibaha na Chalinze, pitieni Bagamoyo hadi Msata. Ni lami, kama kilomita 64, na inawatoa kwenye barabara kuu ya Segera. Kuanzia hapo vijiji ni vingi, na penye kibao cha 50 iwe 50 kweli: trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hupenda kukaa pale mnapodhani kijiji kimeisha. Njia ya Saadani inavutia zaidi, lakini inakatiza hifadhi ya taifa, basi ulizieni kwanza ada, hali ya barabara na namna ya kuvuka Mto Pangani.

Pangani ndipo wengi hupoteza siku nzima. Mkitaka kwenda Maziwe, pigeni simu kwa wenye boti kabla hamjalipia chumba. Kisiwa hicho kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Muda wa kufika huko unasogea kila siku kwa dakika 50 hivi: kama leo maji yamekupwa kabisa saa nne asubuhi, kesho itakuwa karibu saa tano. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Bebeni kofia na maji ya kunywa, kivuli hakuna. Ada ya hifadhi ya bahari ulizeni kama imo kwenye bei ya boti. Mji wenyewe ni wa Waislamu wengi, kwa hiyo kanga ya kujifunga mkitoka ufukweni ni lazima, na kama ni Ramadhani msitegemee kula mchana barabarani. Chandarua au dawa ya mbu msisahau.

Kisha mlima. Toka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini mnapanda takriban mita 1,000, jabali huku, korongo kule. Fikeni Mombo kabla ya saa tisa alasiri, mjaze mafuta hapo, na masika ulizieni kama udongo haujaporomoka njiani. Kupanda kunataka subira tu. Kushuka ndiko kunakoumbua breki: anayekanyaga pedali muda wote atasikia harufu ya kuungua kabla hajaiona Mombo. Shukeni kwa gia ndogo, na kama gari ni otomatiki, toeni D muweke L au 2. Honi kila kona isiyoonyesha mbele. Amueni nyumbani nani atashika usukani hapo, maana si mahali pa mume kumfundisha mke kuendesha, wala mke kumfundisha mume.

Sweta zikae juu ya begi, si chini ya taulo za pwani. Juni hadi Agosti Lushoto usiku ni baridi ya kweli, na asubuhi mnaweza kuamkia ukungu.

Pesa taslimu bebeni ya kutosha. Matunda ya Soni, mji mdogo kati ya Mombo na Lushoto, hayalipiwi kwa kadi. Na kama mna hamu ya Mtae, kijiji cha ukingoni mwa Usambara, asubuhi ulizeni madereva wa basi pale stendi ya Lushoto. Wakisema mvua ya usiku imeharibu njia na gari dogo halitoki, nendeni Irente, kwenye jabali la kutazamia mandhari karibu na mji wa Lushoto.