Kabla ya dozi ya kwanza, hasa kama unavuka ziwa

Mama yangu alikohoa miezi mitatu. Kikohozi kikavu, kinamkaba usiku mpaka anaamka na kukaa kitandani. Tukampa tangawizi na asali, akameza antibiotiki, akapimwa kifua kikuu, hakuna kitu. Mfamasia mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, ndiye aliyeuliza: "Mama anatumia dawa gani ya presha?" Ilikuwa enalaprili, na aliimeza kila asubuhi kama daktari alivyoandika. Dawa za kundi hilo, kaptoprili na lisinoprili zikiwemo, huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo hiyo. Daktari akambadilishia losartani. Wiki chache baadaye akalala usiku kucha.

Kwa hiyo usiondoke dirisha la dawa kabla hujauliza: maudhi yapi ni ya kawaida, na yapi ni ya kukimbilia hospitali? Taja kila unachomeza, na mitishamba usiifiche. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, kwa mfano, inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Kama antibiotiki ya Septrin iliwahi kukutoa malengelenge, yaandikwe kwenye daftari la kliniki.

Halafu fikiria utakuwa wapi dawa ikianza kufanya kazi. Hili hatulizungumzi vya kutosha, nasi tunaishi na maji. Dozi ya kwanza ya dawa ya presha inaweza kuishusha ghafla, ukisimama dunia inazunguka. Usiianze jioni unayoingia ziwani na karabai kuvua dagaa. Prazikwanteli ya kichocho nayo huleta kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota. Kula kwanza, na siku hiyo usipande mtumbwi.

Kama unakaa visiwani Ziwa Viktoria, Ukara au Ukerewe, jua mapema zahanati iliyo karibu. Midomo, ulimi au uso vikivimba, pumzi ikibana, au ngozi ikianza kubabuka, usimeze dozi nyingine wala usingoje kivuko cha kesho kuja Mwanza. Nenda hapo hapo karibu. Kikohozi tu kisikufanye uache dawa kimya kimya. Rudi kliniki ubadilishiwe, maana presha isiyo na dawa haitakusubiri.

Pakiti usiitupe. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, hupokea taarifa za madhara hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na watahitaji jina la dawa na namba ya toleo iliyochapwa pembeni.