Somo: Kuokoa santuri za dansi na taarabu

Sanduku la santuri likitolewa uvunguni, swali la kwanza huwa: tutazipigaje? Ngojeni. Santuri ya 1958 ikitunzwa itavumilia miaka hamsini mingine. Mwenye nayo ana themanini na tano. Tuanze na yeye.

Hatua ya 1: Kaa na mwenye mali

Toa sahani, yaani santuri, moja moja, msomee lebo, simu ikiwa inarekodi. Lebo itakupa wimbo, bendi na namba. Haitakwambia nani alipiga solo, wala wimbo ulikuwa unamsema nani. Niliwahi kuletewa sahani ya Mzuri, lebo ya Assanand wa Mombasa, na pembeni mtu kaandika kwa wino: "Haiazimwi". Bibi mwenye sanduku alicheka hadi akajifuta machozi. Mwandiko wa marehemu mumewe, kwa sababu ya shemeji mmoja asiyejua kurudisha kitu cha mtu. Hilo nalo liandike.

Kisha piga picha lebo pande zote mbili, pamoja na namba iliyochongwa kwenye sehemu tupu kati ya mistari na lebo. Lebo ikibanduka, namba hiyo ndiyo itakayoitambulisha sahani.

Utakuta pia zenye herufi GV. Nyingi ni za Kikuba, HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, ilianza kuziuza Afrika 1933. Usizitupe ukidhani si zetu. Wapiga dansi wetu walizisikiliza mno, na jina la Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah wa Morogoro, halikuokotwa hewani.

Hatua ya 2: Jua aina

Nzito ya inchi 10, dakika kama tatu kila upande, ni 78, yaani huzunguka mara 78 kwa dakika. Imetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, na ikianguka inavunjika kama kigae. Nyepesi ya inchi 7 kwa kawaida ni 45, ya vinaili; yenyewe adui yake ni joto, inapinda.

Hatua ya 3: Osha

Maji yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke (yale ya betri, yasiyo na asidi), tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Fuata mistari kwa mzunguko, lebo isiguse maji, suuza, kausha kivulini.

Spiriti usiguse kwenye 78. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi kwamba uchafu unatoka. Kumbe ni santuri yenyewe inayeyuka. Leo ina mvumo tu, kama mvua kwenye bati.

Hatua ya 4: Rekodi

Gramafoni ya kukoroga ni ya kutazama. Mkono wake ni mzito na sindano ya chuma inakwangua. Tumia mashine ya umeme yenye sindano ya 78, nusu kipenyo cha ncha takriban mikroni 75 (milimita 0.075). Sindano ya 45 ni nyembamba, itaburura chini ya mfereji na kuleta kelele. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24. Nakala hiyo usiisafishe kamwe. Ukitaka kuondoa mikwaruzo, fanyia nakala ya pili.

Hatua ya 5: Hifadhi

Sahani zisimame kama vitabu, mbali na joto la bati la paa. Faili ziwe sehemu tatu, moja nje ya nyumba. Sauti ya mzee ikae folda moja na wimbo wake.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Ngamiani:* Shikamoo mwalimu. Mashine yangu ina 33 na 45 tu. Nifanyeje na 78?

Marahaba mwanangu. Badilisha sindano, piga kwa 45, kisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ongeza kasi mara 1.733. Wimbo wa dakika tatu utachukua dakika tano na ushee kurekodi. Inachosha, ila inafanya kazi.

*Mama Zuhura:* Moja ina ufa kutoka ukingoni. Nigundishe na gundi?

Hapana dada yangu. Gundi ikiingia kwenye mistari haitoki. Ilaze juu ya kadibodi ngumu ndani ya bahasha, usiipige, mpaka umpate fundi wa kazi hiyo.

*Msafiri:* Naruhusiwa kuzipandisha mtandaoni?

Kumiliki sahani si kumiliki wimbo. Kwa Tanzania na Kenya haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na wengi wana watoto walio hai. Watafute, ongea nao. Mara nyingi hao ndio wenye picha za bendi.

*Binti wa Pongwe:* Lebo ya sahani yetu imeliwa na mende, haisomeki. Mama hakumbuki jina la wimbo wala bendi, lakini ukianza tu anaimba ubeti wa pili wote, na kuna maneno hayasikiki vizuri kwenye sahani.

Upo naye hapo? Washa simu, mwache aimbe. Sahani tutaishughulikia kesho.