Somo: Kuunda ndege ya kwanza ya balsa na kuifunga umeme, hatua kwa hatua

Wakuu, somo hili ni la anayeanza kabisa. Ndege tunayoizungumzia ni ya mazoezi: bawa limekaa juu ya kiwiliwili, mm 1200 ncha hadi ncha, upana mm 200 kutoka mbele hadi nyuma, na uzito wa kuruka kilo 1.1 hivi. Zile za mfano wa ndege za kivita acha kwanza. Wengi wanaoanza huuliza mota kubwa kabla ya kuuliza kingine chochote, na hapo ndipo wanapokosea. Ndege iliyonyooka na yenye mizani sahihi huruka hata kwa mota ya kawaida. Iliyopinda, mota kubwa itaifikisha chini mapema zaidi.

Mahitaji

Vipande vya balsa vilivyokatwa kwa leza kwa kawaida huagizwa nje vikiwa kwenye boksi pamoja na mchoro wake. Gundi nyeupe ya mbao, superglue, araldite, msasa namba 120 na 240, pini na wembe utavipata Kariakoo. Upande wa umeme:

- Mota isiyo na brashi, saizi 3536, kv 1000 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti) au karibu na hapo
- Kidhibiti cha mota (ESC) cha ampea 40, chenye kutoa volti 5 kwa ajili ya risiva (kipokezi cha rimoti kinachokaa ndani ya ndege)
- Betri ya LiPo ya seli 3, volti 11.1, mAh 2200
- Servo 4 za gramu 9 (mota ndogo zinazosukuma vibao vya kuongozea ndege)
- Rimoti ya chaneli 6 ya 2.4 GHz na risiva yake
- Propela ya inchi 9x6, nunua tatu, mbili utazivunja
- Chaja yenye kusawazisha seli

Hatua ya 1: Meza

Bawa litanyooka kadiri meza ilivyonyooka. Mlango wa flashi uliolazwa unafaa sana, na juu yake weka kipande cha jipsamu ili pini ziingie. Tandaza mchoro, kisha nailoni nyepesi juu yake gundi isishike karatasi. Fungua madirisha kwa sababu ya moshi wa superglue, lakini zima pangaboi. Mbavu za balsa hupeperuka kama makapi. Mbao ambazo hujazitumia zilaze bapa chini ya kitu kizito. Unyevu wa Dar ukiingia upande mmoja tu wa ubao mwembamba, asubuhi unaukuta umejikunja.

Panga vipande vyote bila gundi kwanza. Kisichoingia, piga msasa. Usikilazimishe.

Hatua ya 2: Bawa

Hapa usiwe na haraka. Laza mhimili wa chini (mti mrefu unaobeba mbavu za bawa) juu ya mchoro na uubane kwa pini mbili zinazopishana kando yake. Usichome pini katikati ya mti, utaupasua. Simamisha mbavu moja moja na uzipime kwa skwea ndogo. Kwa mgeni nashauri gundi nyeupe kwenye bawa zima, maana inakupa dakika kadhaa za kurekebisha. Superglue hukaushwa na unyevu, na hewa yetu inao wa kutosha, kwa hiyo inashika kabla hujasema pole. Chupa ikishafunguliwa, itunze kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ukishaweka mhimili wa juu, kingo mbili na vipande vinavyoziba nafasi kati ya mihimili, acha kila kitu kimebanwa mezani usiku kucha. Sababu ni hii: kabla mihimili haijazibwa, bawa linapindika kwa mkono, likishazibwa na kukauka, lilivyo ndivyo litakavyobaki. Asubuhi lichungulie kutoka nyuma, jicho moja umefumba. Ukingo wa nyuma na mhimili viwe sambamba mpaka nchani. Ncha ikipanda mm 3 tu kwenye upana huu wa mm 200, huo ni msokoto wa karibu nyuzi 1, na ndege itakuwa inalala upande mmoja kila unapoachia rimoti.

Kuunga nusu mbili: kila nusu inainuka nyuzi 4. Laza nusu moja bapa na uinue ncha ya nyingine mm 84 kutoka mezani. Paka araldite ya kukauka taratibu pande zote mbili za kiungo cha plaiwudi. Ile ya dakika 5 hapa haifai, huanza kuganda ungali unapima.

Hatua ya 3: Kiwiliwili na mkia

Mbavu za kiwiliwili zisimamishe kwenye mstari wa katikati uliochorwa mezani, kisha vuta pande mbili zikutane nyuma kwa pamoja. Ukivuta moja kwanza unapata ndizi.

Mkia uwe mwepesi. Gramu 10 zilizo mm 600 nyuma ya kitovu cha uzani (pale ndege inapokaa sawa ukiinyanyua) zinadai gramu 30 puani, mm 200 mbele yake. Kwa hiyo chagua balsa laini kwa mkia, na gundi iliyobubujika ifute kabla haijakauka. Kabla ya kuugundisha, funga uzi kwenye pini katikati ya pua, upime mpaka kila ncha ya mkia wa mlalo. Tofauti isizidi mm 3. Mkia wa wima usimame nyuzi 90 juu yake.

Hatua ya 4: Kuwamba

Piga msasa namba 240 na ufute vumbi lote. Karatasi ya plastiki ya kuwambia ibandike kingo kwanza kwa pasi ya joto la wastani, kisha ongeza joto kuikaza katikati. Anza chini, malizia juu, ili viungo visionekane. Kama bawa lina msokoto mdogo, hapa ndipo pa kuutoa: mtu mmoja alikunje kinyume kupita kiasi kidogo, mwingine apitishe pasi juu na chini, mshikilie mpaka lipoe. Bawaba za eleroni (vibao vinavyocheza nyuma ya bawa) na za mkia huwekwa baada ya kuwamba; mwanya usizidi mm 1.

Hatua ya 5: Mota na umeme

Mota ielekee chini nyuzi 2 na kulia nyuzi 2, ukiwa umekaa kama rubani. Washa mbili (vile vipete vya skrubu) upande unaofaa zinatosha. Paka gundi ya kufungia skrubu kwenye skrubu za mota, mtetemo huzilegeza.

Hesabu ya nguvu ni rahisi. Ndege ya mazoezi inataka wati 200 hadi 220 kwa kilo. Kilo 1.1 mara 220 ni wati 242. Gawa kwa volti 11.1 unapata ampea 22 hivi. Kwa hiyo kidhibiti cha ampea 40 kinafanya kazi bila jasho. Pima kwa mita ya wati, ndege imefungwa imara, propela imo, mafuta (ndivyo tunavyoita kijiti cha kasi ya mota) yamefunguliwa yote kwa sekunde chache. Ukisoma zaidi ya ampea 30, weka propela ndogo zaidi.

Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili zozote kati ya zile tatu. Maandishi ya propela yatazame mbele. Kidhibiti kifundishe urefu wa kijiti cha mafuta kwanza, PROPELA IKIWA IMETOLEWA: kijiti juu, chomeka betri, subiri milio, shusha.

Hatua ya 6: Servo na rimoti

Kijiti kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kijiti nyuma: ukingo wa nyuma wa eleveta (kibao cha mkia wa mlalo) uinuke. Simama nyuma ya ndege unapokagua. Mwendo wa kuanzia ni mm 10 juu na chini kwa eleroni na eleveta, mm 25 kila upande kwa usukani wa wima. Weka expo (mpangilio wa rimoti unaopunguza ukali wa kijiti karibu na katikati) asilimia 30. Hakikisha rimoti ikizimwa, mota inasimama.

Hatua ya 7: Mizani

Weka alama chini ya bawa mm 56 kutoka ukingo wa mbele, ambayo ni asilimia 28 ya upana. Inyanyue ndege hapo kwa ncha za vidole viwili, betri imo. Pua iiname kidogo sana. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kabla hujafikiria kuongeza risasi. Ndege nzito puani inachosha tu. Nzito mkiani hushindwa kushikika sekunde tano baada ya kuachiwa.

Hatua ya 8: Siku ya kuruka

Nenda alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka. Kwanza ulizia kibali na masharti kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kaa mbali na njia za ndege za uwanja wa Julius Nyerere na kambi za jeshi. Weka saa ya rimoti dakika 6 kwa betri hii.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, siwezi kuagiza balsa. Nitumie mninga mwembamba au plaiwudi?
Hapana kaka. Balsa ya kuundia ndege ina kilo 100 hadi 200 kwa mita ya ujazo. Mninga unapita 550. Ukitumia mninga kwa vipimo hivihivi, fremu inakuwa na uzito wa karibu mara tatu au zaidi. Plaiwudi nyembamba iende tu kwenye ukuta wa mota, kiungo cha bawa na sehemu ya magurudumu. Kama balsa imeshindikana, tafuta mchoro wa ndege ya foamu.

Bawa langu limefungwa kwa rababendi. Niweke ngapi?
Nane, na mbili za mwisho zipishane kwa umbo la X. Jua na mafuta huziharibu, kwa hiyo zitupe zikianza kuonyesha nyufa ukizivuta. Usiziache zimefungwa wiki nzima.

Wakuu, kwetu umeme unakatika sana. Nichajije?
Chaja nyingi za aina hii hupokea volti 11 hadi 18 za moja kwa moja, angalia maandishi ya nyuma. Betri ya gari inatosha: LiPo hii ni wati-saa 24 tu. Chaji kwa ampea 2.2, juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga mkavu karibu, na usiondoke. Usipoitumia, iache kwenye volti 3.8 kila seli. Usiiache ndani ya gari lililopaki juani.

Betri yangu imevimba kidogo ila bado inafanya kazi.
Dada, usiichaji tena. Mara nyingi imeshushwa kupita kiasi. Tua kabla seli haijafika volti 3.5.

Servo moja inalia hata nisipogusa kijiti.
Fungua waya wake wa chuma kwenye pembe (kile kimkono kinachozunguka). Ikinyamaza, kuna kinachoisukuma: waya umekwama kwenye tundu au bawaba ni ngumu. Ikiendelea kulia ikiwa peke yake, ibadilishe. Servo inayolia inakula umeme wa risiva bure.

Nikifungua mafuta tu ndege inavuta kushoto.
Ndiyo tabia ya propela. Fungua mafuta polepole, shika usukani kulia kidogo, na hakikisha zile washa za kuielekeza mota kulia hukuzisahau. Ikivuta hata mafuta yakiwa yamefungwa, rudi kuchungulia bawa.

Coco Beach panafaa?
Watu ni wengi mno pale. Na ufukwe wowote una chumvi na mchanga wenye chembe za chuma zinazonaswa na sumaku za mota. Tafuta uwanja wa nyasi.